Siku Nilipomlilia Mume Aliye Hai

Aibu yenyewe naitoa kwanza, mcheke mmalize: nimewahi kumlilia mume wangu kilio cha matanga mbele ya kijiji kizima huku Sagala, na yeye yuko njiani anapanda mlima, mkate kwapani.

Miaka ile ya hamsini Mwakio wangu alikuwa kibarua wa reli kule Voi, anarudi Jumamosi, na mimi nilikaa na mama mkwe, mawifi na watoto, kelele toka alfajiri, mpaka kichwa kikawa kinavuma. Basi Jumamosi moja nikaamua nikatembee tu mpaka kwenye jiwe la juu, pale unapoiona reli chini na upepo unakupiga usoni, na sikubeba kitu, si debe la maji, si kamba ya kuni, si jembe. (Kwetu mwanamke akitoka mikono mitupu, watu wanajua kuna msiba. Nilijua. Nikasema potelea mbali.)

Njiani nikakutana na jirani yetu, Mama Mghoi.

"Mama Wakesho, mbona hivyo? Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Natembea tu."

Akaniangalia kwa huruma, akashuka mbio.

Mimi huko juu nikakaa weee, nikapumua, roho ikatulia kabisa. Niliposhuka nikasikia vilio nyumbani kwetu, uani wanawake wamejaa na kuni na unga, mama mkwe yuko chini anagaagaa, na badala ya kuuliza nani kafa nikajua ni mtoto wangu, nikajitupa hapohapo nikalia kuwashinda wote. Nao waliponiona hivyo wakaamini kabisa: Mwakio amegongwa na gari la moshi, na kilio changu kikahesabiwa cha mume.

Mara Mwakio huyo anaingia. Wifi mmoja aliruka ua. Yeye akauliza kwa upole, "Jamani, tunamzika nani?"

Ugali wa matanga haukutupwa. Watu waliposhiba, mama mkwe akanihukumu mbele yao:

"Kuanzia leo hutoki hapa bila mzigo. Hata kikapu kitupu, utabeba."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nikamjibu: "Mama, nisamehe kwa kile kilio. Mizigo yako nitabeba wiki nzima. Kwenye jiwe lile naenda mikono mitupu."

Watu wakaguna. Mwakio akajifanya anakata mkate.

Niliapa siku ile, na kiapo nimekishika: nikisikia kilio nauliza kwanza nani kafa. Kutembea sikuacha. Jumamosi iliyofuata nilipita katikati ya ua, mbele ya mama mkwe, mikono naipunga aione vizuri.