Ufagio Uliongoja Ndege

Dada yangu alipopanda ndege kwenda kusoma Moscow, mama alichukua ufagio akauficha uvunguni mwa kitanda chake. Kwetu msafiri akiondoka nyumba haifagiwi mpaka afike, maana ukifagia unamfagia na yeye. Hilo sikulipinga. Ugomvi wangu ulikuwa mmoja tu: atafika lini? Dada aliahidi kutuma telegramu akishatua, nasi tukangoja.

Mimi uchafu siuwezi, hata leo. Nyumba yetu ya Kariakoo ilijaa wapangaji, kila mmoja na jiko lake la mkaa. Kesho yake tu ukumbi ulikuwa majivu matupu, na magamba ya samaki yananata miguuni. Nikamwendea mpangaji wetu mmoja, mwalimu wa jiografia, aje anisaidie. Akaja na ramani na rula, akapima mbele ya mama.

"Mama, ni mbali kweli, lakini ndege ina mbio. Hata ikisimama njiani kutia mafuta, saa hizi ameshafika."

"Wewe umewahi kwenda?"

"Hapana, mama."

"Basi kaa nikwambie safari. Mimi nimetoka Lindi kuja hapa, masika. Tulikaa wiki nzima ng'ambo ya Rufiji tunangoja pantoni. Lindi, hapa hapa nchini! Halafu huko Moscow mwanangu afike kwa usiku mmoja?"

Mwalimu akakunja ramani yake. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikatazama sakafu nikanuna.

Siku ya nne telegramu haijaja. Mama alikuwa ameacha kula, anakunywa chai ya rangi tu. Alipotoka kwenda sokoni nikauvuta ule ufagio, nikasimama nao mlangoni, nimeinama tayari. Mkono ukakataa. Niliona ile ndege bado iko juu, na dada yangu ndani yake, na chini hakuna kitu. Nikaurudisha uvunguni taratibu, mimi niliyejifanya mjuaji.

Telegramu ililetwa mchana ule ule. Mama hakujua kusoma, na mimi niliogopa kuifungua, tukampa mwalimu.

"Imetumwa siku ile ile niliyopima," akasema. "Niliwaambia."

"Soma, baba," mama akamwomba.

"Nimefika."

Nikapiga kigelegele, wapangaji wakatoka vyumbani. Mama aliketi palepale kwenye majivu na kanga yake nzuri, analia na kucheka. Mwalimu bado alikuwa ameikazia macho ile karatasi.

"Kuna neno moja zaidi, ila sijui kama wamekosea."

Telegramu hulipiwa kwa neno, na dada aliondoka na vijisenti tu.

"Soma!"

"Fagieni."

Nikakimbilia uvunguni, lakini mama alishanitangulia. Alifagia ukumbi, akafagia vyumba vya wapangaji, akafagia baraza mpaka barabarani, na hakukubali mtu yeyote ampokee.