Aliyelaumiwa kwa Goti Langu

Goti langu la kulia liliumia Jumamosi moja baada ya swala ya Alasiri, katika ukumbi wa shule pale Chumbageni tulipokuwa tukifanyia karate. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, na kumi na mmoja kati ya hiyo nilikuwa nimeitumia kwenye mazoezi. Wanawake tulikuwa wawili tu: mimi na shoga yangu, Mpemba aliyeolewa Mabawa, mwenye duka dogo la mabaibui. Mwaka wa kwanza wanaume walitucheka. Wa pili walinyamaza. Kuanzia wa tatu wakawa wanatafuta visingizio wasipangwe nasi.

Siku hiyo mwalimu wetu, ambaye tulimwita sensei, alitupanga tupigane sisi kwa sisi. Mtihani wa mkanda mweusi ulikuwa umekaribia na alitaka kuona nani yuko tayari. Shoga yangu alikuwa ameshaniingizia ngumi mbili safi na ukumbi mzima umeona. Niliudhika. Sensei akapaza sauti, "Yame!", yaani acheni. Mimi nikarusha teke la kushoto. Shoga yangu, bila kufikiri, akanifagia mguu wa kulia niliokuwa nimeusimamia. Mwili uligeuka, unyayo ukabaki umenasa kwenye turubai, na ndani ya goti nikasikia mlio kama wa muwa unaovunjwa.

Watu walinizunguka. Mmoja akauliza, "Si sensei alishasema yame? Nani aliyeendelea?"

"Mimi nilishaacha," nikasema huku nimeshika goti. "Yeye ndiye aliyenifagia."

Haikuwa kweli. Ile yame niliisikia vizuri kabisa, na teke nikalirusha kwa sababu sikutaka tusimame nikiwa nimeshindwa. Shoga yangu aliniangalia. "Mimi, shoga?" Sensei aliinama kunifunga goti kwa mkanda wake, lakini hakusema kitu.

Hospitali waliniambia kano ya ndani ya goti imekatika. Upasuaji ulikuwa mpaka niende mbali, na daktari akashauri tuanze na mazoezi tuone goti litafika wapi. Nikarudi nyumbani Makorora na magongo mawili.

Sikuogopa maumivu kama nilivyokuja kuogopa choo. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, kiko uani, na mimi nilikuwa siwezi kukunja goti hata kidogo. Mama yangu alikuja kutoka Muheza kunihudumia. Alimwita fundi akakata tundu katikati ya kiti cha plastiki, kikawekwa juu ya shimo, na kwa majuma sita mama alikuwa ananishika kwapa akinikalisha pale kama mtoto. Mimi mtu mzima, niliyezoea kurusha wanaume chini. Aliangalia ukutani mpaka nimalize. Sikuwahi kumshukuru.

Kazi yangu ni ushonaji, na cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu. Nilivirudisha vitambaa vya sare vya watu, nikabaki na kazi ya kutia vifungo na kupinda mapindo kwa mkono, nimenyoosha mguu juu ya stuli.

Mara mbili kwa juma nilichukua bajaji kwenda chumba cha mazoezi ya viungo. Aliyenihudumia alikuwa binti wa Kisambaa mwenye mikono ya baridi na subira nyingi. Alikunja kanga akaiweka chini ya goti, akaniambia nikandamize, nihesabu kumi, niachie. Kisha ninyanyue mguu ukiwa umenyooka, mara thelathini. Nyumbani nirudie asubuhi, mchana na jioni. Hakuna kingine. Mtu aliyezoea kutoka jasho kwa saa mbili analala chali akikandamiza kanga, na hata kanga yenyewe haibonyei.

Siku moja aliniuliza, "Dada, unafikiria nini ukinyanyua? Wagonjwa wangu wengine wanalia. Wewe unasaga meno."

"Nafikiria kupona," nikamjibu.

Nilikuwa nafikiria uso wa shoga yangu. Kila ninyanyuapo mguu namwona amesimama juu yangu pale ukumbini, na maumivu yakizidi najiambia: huyu ndiye aliyekufanya hivi, inuka umwonyeshe. Nilikuwa nimeurudia uongo mara nyingi mpaka nikawa nauamini mwenyewe. Sikuruka zoezi hata moja. Baada ya miezi miwili goti lilikuwa linakunjika nusu, na binti yule akawaambia wagonjwa wengine wanitazame mimi kama mfano. Nilifurahi kutazamwa.

Shoga yangu alikuja kunitazama mara nne. Kila mara alileta mkate wa kumimina, bado una moto, umefunikwa kwa kawa. Mara tatu za kwanza tuliongea habari za biashara na za jua kali. Mara ya nne hakukaa kitini, alikaa chini mkekani karibu na mguu wangu.

"Shoga," akasema taratibu, "siku ile sensei alisema yame au hakusema?"

"Alisema."

"Nani hakusikia?"

Mama alikuwa jikoni, na nikasikia sufuria zimenyamaza.

"Wewe," nikasema.

Alitikisa kichwa kidogo, akasimama, akajifunga mtandio vizuri. "Haya. Na iwe mimi." Akamuaga mama kwa adabu, akatoka. Mkate nilimwachia mama na jirani, sikuweza kuula.

Nilisikia baadaye kwamba ukumbini hakuna aliyekubali tena kupangwa naye. Walimwambia yeye anaumiza watu. Akapunguza kuja, kisha akaacha. Miezi mitano baada ya ajali mama alirudi kutoka sokoni, akatua kikapu, akasema, "Shoga yako amefunga duka. Wamerudi Pemba."

"Kwa nini?"

"Wanasema baba yake anaumwa. Wanasema pia kwamba amechoka na maneno ya watu."

Kesho yake asubuhi nilitandika mkeka, nikakunja kanga, nikalala. Nikanyanyua mguu mara tatu na ya nne sikuweza. Mguu ulikuwa mzima kuliko mwezi uliopita. Ila sikuona sababu ya kuunyanyua. Yule niliyekuwa nainuka ili nimwonyeshe hakuwapo, na kilichobaki mle ndani nilikijua: uongo wangu mwenyewe. Nilikaa majuma matatu bila zoezi. Binti wa Kisambaa alipiga simu, nikamwambia nina homa. Paja likaanza kunyauka, ngozi ikalegea kama soksi ya zamani. Nilikuwa nashinda nimelala, naangalia dari.

Mama alikuwa na desturi ya kunikanda kwa mafuta ya nazi kila baada ya Adhuhuri. Siku moja akikanda alisema bila kuinua macho, "Mwanangu, mtu akikuumiza kwa bahati mbaya humchukii miezi mitano. Kuna jambo."

Nikamweleza. Nilidhani atanipangusa machozi au atanigombeza. Hakufanya hata moja. Aliendelea kukanda mpaka mafuta yakaisha mikononi, akafunga chupa, akasema, "Mpigie. Nipo hapa."

Nilipiga mbele yake. Shoga yangu alipokea, na nyuma yake nikasikia mtu anakohoa, nadhani baba yake. Nilimweleza yote bila kupamba: nilisikia yame, nikarusha teke, nikamsingizia.

"Niliyajua siku ile ile," akasema. "Nilikuwa nangoja uyaseme mbele yao."

"Nitayasema. Jumamosi hii nakwenda."

"Ya nini sasa, na mimi sipo?" Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi. Kisha akauliza, "Goti linakunjika?"

"Nusu."

"Mungu akupe afya." Akakata. Nimempigia mara nyingi tangu hapo. Hapokei, na simlaumu.

Jumamosi nilikwenda Chumbageni na gongo moja. Nilisimama mbele ya mistari ya wanafunzi, nikasema nilichofanya. Wengine waliangalia miguu yao, wengine wakaangalia gongo langu kwa huruma, na huruma ile ilinikera kwa sababu sikustahili kuipata. Sensei alinisindikiza mpaka kwenye ngazi za nje.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa hatua tatu kutoka kwenu. Niliona."

"Sasa kwa nini hukusema, sensei?"

Alijikuna shingo. "Wewe ulikuwa chini, umeumia. Nilihofu ukijua kosa ni lako utakata tamaa, hutainuka. Nikasema yule ni mzima, atavumilia."

Alichosema ndicho nilichokuwa nimejiambia mimi mwenyewe, kwamba shoga yangu abebe lawama ili mimi niinuke; tofauti ni kwamba sensei alikitia wema. Nilimwambia, "Shikamoo, sensei," kama mtu anayeaga, akaitikia, "Marahaba," na sijarudi ukumbini tena.

Juma lililofuata nilirudi kwenye chumba cha mazoezi. Binti wa Kisambaa hakuniuliza habari za homa. Aliligusa paja, akakunja uso, akasema tunaanza upya. Nikamwambia ukweli kwamba sina moyo wa kuanza upya, kwamba kilichokuwa kinanisukuma kimekwisha na sijui nitaweka nini mahali pake.

"Basi usiweke kitu," akasema. "Kandamiza kanga. Moja."

Nikakandamiza. Ndivyo tulivyoendelea, yeye akihesabu na mimi nikifuata, bila kuwazia uso wa mtu. Ilikuwa vigumu zaidi kuliko mwanzo, maana hasira ina joto lake na huu mwendo mpya haukuwa na joto lolote. Kuna asubuhi nilimaliza mara thelathini nikalia. Kuna asubuhi sikumaliza. Mama alirudi Muheza kulima, na mimi nikawa najihesabia mwenyewe.

Sasa ni mwaka na nusu. Natembea bila gongo. Cherehani naikanyaga mpaka Adhuhuri, baada ya hapo goti linavimba na narudi kwenye vifungo. Swala naswali nimekaa, kwa sababu goti likikunjwa lote linakwama. Mtihani wa mkanda mweusi walifanya wengine.

Mara ya mwisho binti wa Kisambaa aliponipima mapaja kwa tepu, la kulia lilikuwa bado jembamba kuliko la kushoto. Nilimuuliza kama yatakuja kulingana. Aliandika vipimo kwanza, akafunga daftari, akasema huenda yasilingane tena. Nilivaa viatu nikaenda nyumbani. Alhamisi nilirudi mazoezini.