Maji ya Moto Nyuma ya Kiwanda

Nilikuwa naangalia boila katika kiwanda kimoja hapa Elerai, chini ya Mlima Meru. Mvuke ukishafanya kazi yake hupoa na kuwa maji ya moto, nasi tulikuwa tunayamwaga mtaroni, nyuma ya ukuta. Tulipoambiwa kila mmoja atafute njia ya kupunguza kuni za boila, mimi niliyeishia darasa la saba nikasema tuyarudishe kwenye boila. Mafundi wakaunga bomba wiki ileile. Lazima niseme haki, kuni zilipungua kweli, na mti wa Meru unaobaki umesimama si jambo dogo.

Ila pale mtaroni alikuwa anakuja bibi mmoja jirani, anachota kwa beseni na kukanda miguu yake iliyovimba. Nilimwona kila asubuhi, lakini nilipokuwa natoa wazo langu sikumkumbuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo mmelala? Mbona mtaro umekauka?"

"Matengenezo tu, bibi."

"Basi tengenezeni upesi, miguu haijui matengenezo." Akacheka.

Sijui kwa nini nilisema vile. Labda ni aibu, labda nilitaka aendelee kunipenda. Angejua ukweli angetafuta njia nyingine, au angenitukana yakaisha. Na beseni moja la asubuhi lisingerudisha lori la kuni, ila sikwenda kumwombea hata hilo kwa wakubwa wa kiwanda. Julai yote, baridi ikishuka mlimani, alikuja na beseni lake, akakaa ukingoni kunisubiri nimalize kutengeneza.