Shamba Lililoachwa Matopeni

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ingawa sipendi kuikumbuka: jirani alinijia na mzigo wa miche ya magimbi kichwani, nami nikamwambia arudi nayo.

Nilikuwa nimeolewa juzi tu hapa Bwaise, wakati upande huu wa kinamasi haujajengwa. Mimi na mama mkwe tulilima magimbi, na hayo ndiyo yaliyotulisha sisi na watoto wa wifi yangu. Mafuriko yakaja, yakang'oa yote. Kisha mwenyekiti wa mtaa akapita akitangaza kwamba serikali itawalipa wakulima msaada, na maofisa watakuja kuona hasara kwa macho yao. Basi sisi vijana, wenye akili kuwashinda wakubwa, tukakubaliana mtu asiguse shamba. Ukilisafisha, nani ataamini kwamba ulipoteza kitu?

Desturi ya kinamasini ni kwamba maji yakipungua, aliyesalimika humgawia mwenzake miche bure, nayo hupandwa siku hiyohiyo. Ndiyo maana Mama Zaitun, mwenye shamba kule juu, alituletea. Nikamzuia njiani.

"Rudisha tu, mama. Maofisa bado hawajakuja."

Aligeuka na mzigo wake. Akampelekea mwingine.

Mama mkwe aliposikia, alikaa chini kwanza. "Binti yangu," akasema, "serikali italeta, mimi sikatai. Lakini udongo hii inajua kungoja? Na hawa watoto, nitawapikia matope?"

Nilinuna. Nilimwona mzee asiyejua mambo ya ofisi.

Maofisa walikuja, sitawasingizia, na msaada ulifika kweli, ila mvua zilikuwa zimekwisha. Na waliopanda walipata kama sisi, kwa kuwa maofisa waliwauliza majirani nani aliharibikiwa. Nikazunguka na fedha mkononi nikitafuta miche, wapi! Yote ilikuwa ardhini kwa watu. Tukanunua chakula mpaka fedha ikaisha, na mama mkwe, kwa umri ule, akaenda kufua nguo za watu. Jioni nilimkanda mgongo, wala hakunikumbusha kosa langu hata mara moja. Afadhali angenitukana.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini hawakusema ni matumbo ya nani. Mara nyingi si ya yule aliyeamua kungoja.

Sasa nasikia nawe umeyaacha mahindi yaliyooza kwa mafuriko ya juzi yasimame shambani, eti maofisa wayaone. Mwanangu, yapige picha leo kwa simu yako, waite majirani washuhudie, jiandikishe kwa mwenyekiti, kisha shika jembe. Msaada ukija, upokee kwa mikono miwili, ni haki yako, wala usione haya. Ila usiifanye njaa ya wanao kuwa ushahidi wako.

Mungu akupe mvua ya kiasi, aitie nguvu mikono yako, na wanao wale washibe kabla hiyo serikali haijafika.