Kopo la Moshi Nyuma ya Landrova

Jicho la kushoto la mama lilikuwa limeshazima, na la kulia lilikuwa linaingia ukungu. Akasema kabla halijafunga kabisa anataka kuyaona tena maporomoko aliyokuwa akichota maji utotoni, kule porini ukishaiacha barabara ya Kibaoni, kabla ukoo haujahamia Mpanda. Mwenye gari kwenye familia alikuwa mmoja tu, shemeji yangu, mume wa dada. Landrova yake ilikuwa na umri wa kuamkiwa shikamoo.

Tabu ni kwamba kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawasemezani. Hawatazamani wala hawapeani kitu mkononi. Basi mama alikaa nyuma, kitenge kikatundikwa katikati, shemeji kwenye usukani na mimi pembeni yake kama posta. Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikidhani elimu itanipa kazi kubwa kuliko kubeba maneno kutoka kiti cha mbele kwenda cha nyuma.

Kiangazi kilikuwa kinaishia. Mbung'o wa pori lile, naapa, walikuwa wakubwa kama njiwa, wanauma mpaka kupitia suruali ya jinzi. Shemeji akafanya wanachofanya madereva wote wa huko: alijaza mavi makavu ya tembo kwenye kopo, akayawasha, akalifunga kopo kwa waya nyuma ya gari. Moshi wake mbung'o hawaupendi. Ila kopo lilikuwa la zamani, na hakuna aliyelitazama kitako.

Tulikuwa tumekwenda sana porini mama aliposema, "Mwambie mkwe wangu moshi huu si wa mavi tena. Ni wa nyasi."

Nikatoa kichwa dirishani. Kitako cha kopo kilikuwa kimetoboka, na makaa yalikuwa yamedondoka njia nzima kama tunapanda mahindi. Nyuma yetu nyasi zinawaka kushoto na kulia, na upepo unatuletea moto.

Shemeji akakanyaga mafuta. Njia yenyewe ni mchanga na visiki. Nilirushwa darini mpaka nikahisi kichwa kimepata kona. Moto ukazidi kusogea. Nilianza kuusikia, ule mlio wa nyasi zinazovunjika.

"Muulize mama kuna mto karibu," shemeji akasema, macho mbele.

"Mama, kuna mto?"

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie mto ni ule wa maporomoko tu, na hatufiki. Asimame, awashe nyasi za mbele. Tuingie palipoungua."

"Shem, anasema..."

"Nimesikia. Mwambie nimesikia."

"Mama, anasema amesikia."

Jamani, tunakaribia kuwa mishikaki na bado tuna adabu.

Shemeji akashuka na kiberiti. Njiti ya kwanza ikazimika. Ya pili ikashika, upepo ukaubeba moto mbele yetu. Ikabidi tungoje uunguze nafasi ya kutosha gari, na ule mwingine unakuja mgongoni. Hapo ndipo nilipokumbuka dumu la petroli miguuni kwa mama.

Mama alishalikumbuka. Akakivuta kitenge, akakilowesha maji yetu ya kunywa, akalifunika dumu. Pazia likawa halipo tena. Shemeji akarudi garini amegeuzia uso dirishani, mama naye ameinamia magoti yake, na gari likaingia kwenye majivu yanayofuka, matairi yananuka.

Moto wa nyuma ulifika mwisho wa nyasi, ukakosa cha kula, ukatupita pembeni kote kuwili.

Njia ya kurudi ilikuwa bado inawaka. "Mwambie mama tunaendelea," shemeji akasema.

Tulipofika, nilimshika mama mkono tukateremka mpaka majini. Akafungua kilemba anawe majivu, kwa hiyo shemeji akasimama ameelekea jabali, ametupa mgongo. Mama aliinua uso kuelekea maporomoko. Mimi nikaogopa kumuuliza kama anaona.

"Shem, yakoje?" shemeji akauliza jabali.

"Acha tu," nikasema kwa sauti, nikitafuta la kusema. "Yanatoka mawinguni, mapana kama uwanja wa mpira."

"Mwambie mkwe wangu unamdanganya," mama akasema. "Ni membamba kama mkono wangu. Yanagonga jiwe jeusi, yanagawanyika. Kulia pale kuna ndege mweupe amekaa."

Nikatazama. Ndege alikuwepo, na mimi sikuwa nimemwona.

Shemeji hakugeuka. Akasema nimuulize mama huyo ndege anafanya nini.