Nchi Iliyopata Uhuru kwa Kunukia

Kuna nchi ya Afrika iliyopata uhuru kwa kunukia. Aliyeniambia ni tonton wangu, yaani mjomba, kinyozi wa Matonge, mtaa wa Wakongo huku Ubelgiji, huku mkasi wake ukilia sikioni mwangu. Nikaamini mwili mzima, tangu utosini hadi kisiginoni.

Kule Guinea iliyotawaliwa na Wahispania, alisema, Mwafrika wa kawaida alipikia mawese. Mafuta ya zeituni yalikuwa ya Wazungu na ya Waafrika wachache waliopewa hati ya kuhesabiwa kama Wazungu. Basi asubuhi moja nchi nzima ikajipaka mafuta ya zeituni. Gavana akatoka barazani, akanusa, asijue tena bwana ni nani na mtumishi ni nani. Akafunga masanduku, akapanda meli.

"Bale bantu balikuwa na akili, mutoto yangu," alisema tonton. "Siye kwetu, Babeleji balikuwa banaingia mpaka mu nyumba, banaangalia kama unakula na fourchette na kisu, alors ndiyo banakupa carte ya kuwa kama Muzungu. Bale, ni harufu tu!"

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nikimpenda binti wa nchi hiyohiyo. Tulikaa dawati moja katika shule ya jioni, na akicheka, taa za darasa zote zilionekana kupungua nguvu. Kilichobaki ni kukubaliwa na mama yake. Mimi nilipakua makreti ghalani Anderlecht. Mama huyo, kwa jinsi nilivyomwota, alikuwa amelelewa juu ya mito ya hariri. Angemtoa vipi binti kwa mpakua makreti?

Jumapili ya kwenda kumwomba, nikajipaka mafuta ya zeituni. Nywele, uso, shingo, hata nyuma ya magoti.

Tramu ilipenya ukungu wa Schaerbeek polepole, na taa za maduka ya Waturuki zikaelea pembeni kana kwamba hazina kuta. Niliona harusi yangu katika kila dirisha. Abiria walinigeukia wote, pamoja na mababu zao. Tonton, mshenga wangu, alivimba kwa fahari. "Unaona? Banakuheshimu."

Mama alitufungulia mlango mwenyewe. Alikuwa mdogo wa umbo, na kanga yake ilikuwa imefungwa kiunoni kama ya mtu aliye kazini. Akanitazama, akanusa.

"Mwanangu," alisema kwa Kifaransa alichojifunzia Kameruni, nchi jirani na kwao, "mbona unanukia saladi?"

Jikoni kitu kikaanguka. Nilisikia kicheko cha binti, kile cha kufunika mdomo kwa mkono. Tonton akakohoa na kusimulia yote: gavana, harufu, meli. Aliongeza hata bendi ya tarumbeta. Nikawa natikisa kichwa kuunga mkono, na tone likanishuka puani.

Mama hakucheka. Aliniletea taulo, akaniketisha karibu na dirisha, ukungu ukiwa umejibandika kwenye kioo.

"Mafuta hayo nayajua," alisema. "Niliwafulia watu weusi wenye ile hati. Chupa ilifungiwa kabatini, nami nikafua mashati yenye harufu yake. Wengine wao walituona takataka. Wengine walitaka uhuru kama sisi, wakafungwa gerezani pamoja na wakata miti. Kaka yangu alikuwa mkata miti. Alivuka kwa miguu hadi Kameruni kuendelea na siasa, akafia huko."

"Na... gavana?" niliuliza.

"Hakuna aliyejipaka chochote. Watu walikutana kwa siri, wakakamatwa, wakatoroka, wakapeleka malalamiko kwa mataifa mengine, miaka mingi. Mwishowe Wahispania wakakubali tupige kura. Nami nikapiga, kwa mikono iliyobabuka kwa sabuni. Mkwe mwenye cheo simtaki, nimekwisha kufulia wenye vyeo. Mpakua makreti anatosha, mradi aoge."