Kabeya Alikuwa Mtu

Risasi ya fundi wa redio ikiyeyushwa hutoa harufu tamu inayokwaruza koo. Pale Shituru, mtaani kwetu Likasi, ambako moshi wa kiwanda ulitukohoza tangu asubuhi, harufu hiyo ndogo niliitambua hata nikiwa uani, nikajua Tonton Kabeya, mdogo wake mama, ameamka na anaunganisha nyaya. Nilikuwa na miaka tisa. Kiangazi hicho alikuwa amejitoa kwenye orkesta iliyompa jina, akahamia chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya kampuni. Alikuja na gita, redio mbili zilizopasuliwa, na spika ambayo karatasi yake aliikata kwa wembe makusudi, ili sauti itoke na mikwaruzo, kama mtu anayeimba huku akilia. Wenzake walimcheka. Ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka, walisema. Naye akawajibu kwamba yeye ameamua kuanzia kwenye kupasuka.

Sitaficha: alikuwa mgonjwa. Kuna siku alikaa kimya tangu asubuhi hadi jioni, bukari, ugali wetu, ikapoa mbele yake ikaota ngozi. Kwenye harusi ya mwisho aliyopiga na orkesta, alishikilia noti moja mpaka bibi harusi mwenyewe akaenda kuketi. Alisema nyaya zinamwita. Nyumbani kwetu walisema amerogwa, wakasema ni bangi, wakasema kila kitu isipokuwa twende hospitali. Hilo linanichoma mpaka leo, na sitaki kuambiwa nisamehe. Lakini vidole vyake vikigusa nyuzi, mimi niliyeketi mlangoni nikichambua matembele nilisahau majani mkononi. Hakuna mtu Likasi aliyekuwa akipiga vile. Hakuna.

Nyimbo alizorekodi peke yake ni tatu tu, zote jioni moja, saa ile mji mzima umewasha majiko ya umeme, na mkondo wa bwawa la Koni unatufikia umechoka. Taa ilikuwa nyekundu kama jicho la mgonjwa. Kaseti ilizunguka kwa kujikokota, naye akaimba kwa sauti yake nzito, taratibu, macho yamefumbwa. Kesho yake mchana, umeme ukiwa na nguvu, tuliisikiliza. Nyimbo zilikimbia! Gita lilipanda juu, na sauti ya Tonton ikawa ya kitoto, nyembamba kama ya kuku aliyekamatwa. Tulicheka hadi mama akashika ukuta. Nikamwomba arudie kurekodi wakati courant, yaani umeme, ina nguvu. Akatikisa kichwa.

“Acha, mama,” akaniambia, maana nilibeba jina la mama yake. “Kama courant inataka iimbe vile, iimbe.”

Yaya Béa, dada jirani aliyekuwa msusi, aliinakili kaseti hiyo ili wateja wake wasisinzie. Sisi tulibaki na ile ya kwanza, na ndiyo iliyotuponza. Mama alimwita mchungaji wa kanisa letu aje kumwombea Tonton, na mchungaji akataka kusikia muziki wenyewe. Aliinamisha kichwa, akasikiliza ile sauti nyembamba, kisha akahukumu.

“Hii si sauti ya muntu.”

Tonton alikuwa ameketi palepale, akiangalia miguu yake. Basi nikasema mimi, “Ni courant, papa pasta. Ilikuwa kidogo akirekodi, kaseti ikatembea polepole.” Mama alinizaba kofi kabla sijamaliza. Kaseti na gita vilichomwa uani, na Tonton akapelekwa kwenye nyumba ya maombi. Alirudi amekonda, mpole, hana wimbo. Alifariki kabla sijamaliza sekondari, na mazishini hakuna aliyetaja muziki.

Lakini la kuvunda halina ubani, na la kuimbwa halina kaburi. Nakala za Yaya Béa zilizaa nakala. Leo vijana wa Likasi, kuanzia Shituru hadi Kakontwe, wanafunga penseli kwa mpira kwenye shingo ya gita, juu kabisa, ili wafikie mlio ule wa kasi. Wanauita kikabeya. Jumapili iliyopita mpiga gita wa kanisa letu alikipiga, waumini wakasimama, na mchungaji yuleyule, mvi kichwani, akamshukuru Mungu kwa kipaji hicho. Damu ilinichemka. Ibada ilipokwisha niliwafuata wote wawili uani, binti yangu mgongoni.

“Pasta, ile ni ya Tonton Kabeya. Ile uliyochoma.”

Akasema hayo ni mambo ya zamani, mama, tuyaache. Mpiga gita ndiye aliyeshtuka.

“Kumbe Kabeya iko muntu? Miye nilizania ni jina ya accord, ya namna ya kushika nyuzi.”

Nikamweleza yote, umeme, kaseti, majiko ya jioni. Akafungua penseli, akaitia mfukoni, akaniuliza mwenyewe alikuwa akiimbaje. Zamani hizo nilikuwa shahidi mtoto, na neno langu halikuzima moto. Sasa ni mimi peke yangu niliyebaki na mwendo wake wa kweli, na hakuna wa kunifunga kinywa. Nikaimba palepale, taratibu, kwa sauti nzito kadiri nilivyoweza, huku gita likinitafuta kwenye noti za chini. Mchungaji alikuwa na funguo za kanisa mkononi na alitaka kufunga. Nilimsimamisha mpaka ubeti wa mwisho.